Rangi ya Manjano Chini ya Ukuta

Jumatatu, 3 Machi 2003

Picha zimefika. Bwana Jaswant alizileta mezani kwangu yeye mwenyewe, diski mbili ndani ya bahasha nene ya ng'ambo, akaziweka taratibu kama mtu anayeweka trei ya mayai.

"Kaluki," akasema, "setilaiti imepita juu yetu mwezi jana, siku ambayo haikuwa na wingu hata moja. Bahati kama hii haiji mara mbili."

Nilipofungua ya kwanza, ofisi nzima ilihamia nyuma ya kiti changu. Mto ulikuwa pale wote, kutoka kwetu Kabiria hadi kwenye madaraja ya chini ya River Road, mwembamba kama uzi ulioanguka sakafuni. Kila nukta ya picha ni mita moja ya ardhi. Niliona paa letu. Uani kulikuwa na doa jeupe ambalo naapa ni mashuka ya dada Mukonyo. Yeye ni muuguzi katika hospitali kubwa hapa karibu na Upper Hill, na siku zake za mapumziko ni siku za kufua.

Kazi yenyewe ni hii. Serikali mpya imeunda kamati ya mafuriko, na kamati imeipa kampuni yetu mto huu. Nichukue picha, nichukue mistari ya mwinuko wa ardhi, nihesabu maji yatafika wapi mvua kubwa ikinyesha, kisha nipake rangi tatu. Nyekundu: maji yatafika. Manjano: yanaweza kufika, mara moja katika miaka mingi. Kijani: lala usingizi. Wapo humu waliosomea ng'ambo, lakini mzee Jaswant, mwenye kampuni, amenipa mimi. "Wewe unaishi kando ya huo mto," alisema. "Hutauchora kama mgeni."

Nimerudi nyumbani nusu ya njia kwa miguu, kwa furaha tu.

Ijumaa, 7 Machi

Jua kali, vumbi. Nimechora kutwa. Macho yanauma.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeshuka mtoni na kifaa cha kupimia, nikidhani nitamaliza mapema. Wapi! Kule chini, mahali nyumba za mabati zimeyakaribia maji hadi mtu anaweza kumwaga maji ya vyombo mtoni bila kutoka mlangoni, alinitokea mwanamke mnene mwenye leso kiunoni na unga wa mandazi mikononi.

"Madam, unapima nini?"

"Napima mto, mama."

"Mto ndio unapima na umesimama kwa mlango yangu?"

Nikamweleza habari za setilaiti. Akaangua kicheko, akawaita majirani waje kusikia. "Ati kuna kamera huko juu inatuangalia tukioga!" Wakacheka wote. Kisha yeye akaacha kucheka. "Kila mtu mwenye karatasi akikuja hapa, sisi ndio tunahama. Enda upimie huko kwenu."

Anaitwa Peres, Mama Nekesa, na ndiye mwenyekiti wa wakazi wa kule chini. Ana sauti ya soko na ubishi wa punda. Nimerudi nimefura. Watu hawa maji yatawachukua huku wakibishana nayo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Rasharasha tu. Mukonyo ameanua nguo mara tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki hii nilipeleka picha ya Kabiria kwa mchapaji mmoja River Road, akanitolea karatasi kubwa kama mlango. Leo nikashuka nayo mtoni. Sikusema neno. Niliitandaza juu ya meza ya mandazi ya Peres, nikasimama kando.

Aliitazama muda mrefu. Kidole chake kilitoka barabarani, kikapita kanisani, kikashuka njia ya choo cha jumuiya, kikasimama.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na hii nyeusi hapa?"

"Kivuli cha mti wenu."

"Nekesa! Kuja uone avokado yetu!"

Baada ya hapo hakuna aliyenificha kitu. Peres aliita watu, wakaja na viti vyao, kila mmoja akitafuta paa lake. Niliwauliza maji ya El Niño, yale mafuriko ya mwaka 1997, yalifika wapi, na hapo ndipo kelele zilipoanza, kwa sababu wengi wao walihamia baadaye na wanasimulia walichosimuliwa. Kanyiva, mama mzee wa kwetu Ukambani anayetembea kwa fimbo mbili, alinishika mkono akaniambia kwa Kikamba kwamba yalifika kizingiti cha kanisa. Mwingine akasema ni uongo, hayakupita mti. Were, mume wa Peres, seremala mpole asiyemaliza sentensi mkewe akiwapo, akapigilia msumari kwenye nguzo kila mahali palipotajwa, nami nikaipima misumari yote.

Nilimfundisha Peres rangi tatu. Akazigeuza kuwa zake: "Nyekundu, kimbia. Manjano, kaa lakini fungua jicho. Kijani, koroma." Watoto wakaanza kuziimba.

Mwishoni aliniuliza mbele ya wote: "Sasa hii ramani ikiisha, itatufanyia nini?"

Nikajibu hivi, naandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Itawafanya mjulikane. Mvua ikija, serikali itajua nani wa kuonywa kwanza, na wapi pa kujenga kingo."

Walipiga makofi. Nimerudi na mandazi yamefungwa kwa gazeti, na nimekula yote kabla Mukonyo hajatoka kazini.

Jumatatu, 31 Machi

Ng'ambo ya mto, mkabala na nyumba za kina Peres, picha inaonyesha kiraka cha udongo mtupu. Nimeenda leo. Malori yanamwaga udongo kwenye ploti na ukuta wa mawe unapanda ukingoni. Watajenga nyumba za ghorofa. Were ndiye mmoja wa maseremala wa pale. Alinipungia mkono kutoka juu ya mbao.

Mto ambao zamani ulikuwa na mahali pa kujinyoosha sasa umebanwa. Nimehesabu, nikarudia. Maji makubwa yakija yatapanda pande zote mbili, na kile kipande cha chini ya ukuta, kati ya mawe na mto, kitazama kabla ya pengine pote. Nimepaka nyekundu kwa Peres na nyekundu kwa ukuta.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Katibu wa kamati amekuja ofisini, anaitwa Dedan. Kijana nadhifu, mwavuli mrefu, maneno laini.

"Dada, kazi yako ni safi kabisa. Kuna kadoa kadogo tu."

Kidole kilikuwa juu ya ukuta.

"Ploti hii imejazwa, imeinuliwa," akasema. "Mwenyewe amegharamika. Ukimpaka nyekundu, benki itamkimbia."

"Udongo wa kujaza haujashikana," nikasema. "Na kipande cha chini ya ukuta hakijainuliwa hata kidogo."

"Hicho kipande ni cha ploti hiyo hiyo."

"Mto haujui mipaka ya ploti."

Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mtoto. "Ndiyo maana mto hauna kiti kwenye kamati."

Bwana Jaswant alicheka. Kicheko kifupi cha adabu, lakini nilikisikia hadi mgongoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee aliniomba nibadilishe rangi, nikakataa. Hakunikaripia. Alivua koti, akaniomba kiti changu, akaketi mbele ya kompyuta yangu.

"Namba za mwinuko zinaniruhusu," akasema bila kunitazama. "Ploti iko juu."

"Ploti, ndiyo. Na chini ya ukuta?"

"Nani ataishi chini ya ukuta, Kaluki? Ni majani matupu."

"Leo ni majani."

Akasimamisha mkono. Nilidhani ataacha. "Wakiridhika na huu mto," akasema, "watatupa mito yote ya jiji. Humu ndani kuna familia za watu. Wewe unaona mto mmoja, mimi naona ofisi nzima."

Kisha akabofya. Rangi ya manjano ikajaza ploti pembe kwa pembe, mstari umenyooka kama rula, ukafuata mpaka wa hati ya ploti hadi kwenye maji. Nilitazama ule mstari nikaona aibu. Ardhi haina mistari kama hiyo. Mtu yeyote anayejua ramani angeujua kuwa wa uongo kwa kuutazama tu.

Ningeweza kutoka nikaufunga mlango. Nilibaki nimesimama nyuma ya kiti changu mwenyewe kama mgeni. Nimemwita huyu mtu mzee kwa heshima tangu aniajiri. Wakati wa kuondoka nilisema, "Jumatatu, mzee." Ni ulimi tu umezoea.

Alhamisi, 17 Aprili

Ramani imezinduliwa katika hoteli moja ya katikati ya jiji, mazulia mazito na soseji kwenye vijiti. Wakazi walialikwa pia. Peres alikuja na gauni la kanisani, viatu ameviosha matope kwa maji ya chupa pale mlangoni. Dedan alihutubia. Alisema kwa mara ya kwanza jiji litajua mahali pa hatari, na nakala zitabandikwa kwa kila chifu.

Nilisogea karibu na ramani. Chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo: Imechorwa na K. Ndambuki. Hilo ni jina langu. La kampuni halikuwapo mstari huo, la Jaswant halikuwapo.

"Nimeona ni haki yako," Bwana Jaswant akaninong'oneza. "Ni heshima."

Peres alipolisoma jina langu alipiga vigelegele hadi wahudumu wakageuka. Nilimkumbatia. Sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi, mbele ya soseji?

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua kutwa. Hatukutoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Milango yote ya kule chini imepakwa alama ya msalaba kwa rangi. Notisi inasema walio katika eneo jekundu wanakaa kinyume cha sheria kwenye njia ya mto, waondoke kwa usalama wao. Hakuna mahali pametajwa pa kwenda. Nimempigia Dedan simu. "Dada, si wewe uliyesema ni hatari?"

Bwana Jaswant hakuwa ofisini, au alikuwapo akasema aambiwe hayupo.

Jumatatu, 28 Aprili

Tingatinga lilikuja asubuhi katika manyunyu. Nilikwenda. Mukonyo alinikataza, nikaenda.

Ofisa aliyeongoza alikuwa na ramani yangu ndani ya karatasi ya nailoni. Kila walipofika njia panda aliikunjua, akaangalia, akaonyesha kwa kidole: hii, hii, ile acha. Kazi yangu ilikuwa sahihi kiasi hicho. Nyumba zilizokuwa nje ya nyekundu kwa hatua moja zilibaki, na zilizokuwa ndani kwa hatua moja ziliangushwa. Mti wa avokado ulikwenda na ukuta wa mabati wa Peres. Kanyiva alikuwa ameketishwa juu ya godoro katikati ya njia, fimbo zake mapajani, nailoni kichwani.

Peres aliniona. Nilijitayarisha kwa matusi, na nadhani ningeyapokea vizuri. Alikuwa amebeba sufuria ya kukaangia mandazi, mafuta yamegandia ndani. Alinipita karibu kabisa.

"Madam," akasema, "umetufanya tujulikane."

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Ofisini wamekata keki. Mito yote ya jiji imekuja kwetu.

Jumapili, 4 Mei

Nimejua walikokwenda. Msimamizi wa ule mjengo wa ng'ambo ya mto amewaruhusu maseremala na vibarua wake wajenge vibanda vya mabati chini ya ukuta, na Were amewavuta majirani. Familia kadhaa, na Kanyiva pia.

Nilivuka daraja la miti mara moja. Peres alikuwa anawasha jiko, moshi umejaa kwa sababu ya kuni mbichi. Nyuma yake mawe ya ukuta yalikuwa yanatoa maji kwenye maungio, kama uso unaotoka jasho.

"Mama Nekesa, mtoke hapa. Si salama."

Hakuinua kichwa. "Hapa ni rangi gani?"

"Sikiliza kwanza."

"Nimeenda kwa chifu nimeangalia. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Hapa ni manjano. Manjano, kaa lakini fungua jicho."

"Manjano hii ni ya uongo. Mimi niliipaka nyekundu, ikabadilishwa."

Sasa akaniangalia. "Jina la nani liko chini?"

"Langu, lakini..."

"Wakati ulisema nyekundu, nikakuamini, nikakuitia watu, tukakuonyesha mpaka misumari. Ikatutoa kwetu. Sasa tumepata pahali umesema pazuri, unakuja kusema pabaya. Kesho nikienda kijani utasema nini?" Akapuliza moto. "Nyinyi mnataka tu tusikae popote."

Ningekuwa yeye, nisingemwamini Kaluki.

Jumatano, 7 Mei

Mvua haijakatika tangu jana. Nimerudi tena baada ya kazi. Safari hii nilimkuta Were nyumbani, na nikasema mbele yao wote wawili, kwa maneno machache: udongo umelewa maji, ukuta hauna matundu ya kuyatoa, mto ukipanda hamtakuwa na pa kukimbilia. Njooni kwetu, chumba kimoja tutawapa, na wengine nitawaombea nafasi kanisani.

Were alimtazama mkewe. Akafungua kinywa.

"Baba Nekesa, usianze," Peres akasema.

Akakifunga. Kanyiva, kutoka kwenye kibanda cha pili, aliniita kwa Kikamba akitaka kujua kama kwetu Ukambani kumenyesha pia. Nikamwambia kumenyesha. Alifurahi.

Nimemweleza Bwana Jaswant leo asubuhi kwamba kuna watu chini ya ukuta. Aliweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika, nilimwona. "Nitaongea na Dedan," akasema. Saa kumi nilimuuliza. "Dedan anasema atashughulikia Jumatatu."

Jumamosi, 10 Mei

Naandika kwa sababu nisipoandika nitakaa tu nikitazama mikono yangu.

Mvua kubwa ilianza baada ya chakula cha mchana. Haikuwa na radi, haikuwa na upepo, ilikuwa inamwagika tu moja kwa moja. Kabla ya jioni, nikiwa nimejilaza, nilisikia mto kutoka kitandani, na kutoka nyumbani kwetu mto hausikiki. Nilitoka na koti la Mukonyo, nikakimbia kwenye utelezi hadi pale nyumba za kina Peres zilipokuwa.

Daraja la miti halikuwapo. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa, yamebeba magunia, mlango, mbwa aliyekuwa bado anaogelea. Yalikuwa yamepanda upande wetu hadi kizingiti cha kanisa, mahali Kanyiva aliposema. Uwanja ulioachwa na tingatinga wote ulikuwa maji. Nakiri nilifikiri: angalau hawapo hapa. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha nikatazama ng'ambo.

Vibanda vilikuwa ndani ya maji hadi dirishani. Watu walikuwa wanapanda pembeni, kwenye mwisho wa ukuta ambako kuna mteremko wa matope, wakivutana kwa mikono na kwa nguo. Nilimwona Peres juu, amemshika Nekesa kwa nyuma ya gauni. Nilipiga kelele. Hakuna aliyeweza kunisikia. Mimi mwenyewe sikujisikia.

Were alikuwa ameshapanda. Nilimwona amefika juu, amesimama na mkewe. Kisha akageuka. Peres akamshika mkono, naye akachomoka. Aliteremka tena akiegemea ukuta, maji kifuani, akaingia kibanda cha pili. Alipotoka alikuwa na Kanyiva mgongoni, mikono ya mama mzee imemzunguka shingo. Alikuwa anatembea vizuri. Hatua baada ya hatua, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu.

Ukuta haukuanguka kama nilivyodhani kuta huanguka. Ulitoa tumbo kwanza. Mawe ya katikati yalisogea mbele polepole, udongo mwekundu ukachungulia kati yao, halafu wote ukashuka kwa pamoja, ploti nzima, juu ya vibanda, juu ya maji. Mto ulisimama. Nasema kweli, kwa kitambo mto ulisimama. Kisha ukapata njia.

Nilipotazama tena, Peres alikuwa amepiga magoti, bado amemshika mtoto kwa gauni. Kinywa chake kilikuwa wazi. Nilikuwa mbali kiasi cha upana wa barabara mbili na sikuweza kumfikia.

Jumatatu, 12 Mei

Wamepatikana wote wanne. Were na Kanyiva, na vibarua wawili walioshindwa kutoka.

Jumanne, 13 Mei

Mukonyo aliomba ruhusa akanisindikiza mochari. Yeye anajua wa kuzungumza nao, alihakikisha Were ameoshwa vizuri kabla ya Peres kuingia. Kwa Kanyiva hakuwapo ndugu, kwa hiyo mimi ndiye niliyesema, ndiyo, ni yeye. Nyumbani kwake hakuna aliyejua anaishi Nairobi sehemu gani.

Peres alipita bila kuniona. Si kwamba alinidharau. Hakuniona.

Jumatatu, 19 Mei

Kamati imetoa taarifa magazetini. Inasikitika. Inasema ilitegemea ramani iliyoandaliwa na wataalamu, na kwamba ramani hiyo ilionyesha eneo la mkasa kuwa si la hatari kubwa. Ukuta umetajwa mara moja, kwamba nao uliharibiwa na mafuriko.

Bwana Jaswant aliniita, akafunga mlango. Amezeeka ndani ya wiki moja; kilemba kimefungwa ovyo, jambo ambalo sijaliona kwake.

"Pumzika nyumbani kidogo, hadi hili lipoe."

"Ulijua haya yatakuja, ndiyo maana ukaweka jina langu?"

"Hapana!" Alisema kwa nguvu hadi nikamwamini, na sasa bado namwamini. "Nilitaka kukufurahisha. Nilikuwa nimekukosea, nikataka kukupa kitu."

"Basi sema. Waambie ni mkono wako."

Alitazama dirishani. Kutoka dirisha lile unaona Upper Hill yote, minara na kreni. "Nitakutafutia wakili mzuri," akasema. Namjua, alipolisema alikuwa analimaanisha. Hajapiga simu.

Jumanne, 27 Mei

Nimeandikisha taarifa kituoni. Afande aliyeniandika ni mtu mzima, mwenye subira, anaandika polepole. Nilimweleza yote, Dedan, mzee, siku ya kubadilisha rangi.

"Kuna karatasi yoyote inayoonyesha hivyo?"

"Yalikuwa maneno."

Akatikisa kichwa, akafungua ukurasa mwingine. "Sasa nisikilize vizuri, dada. Wale watu, uliwaonya? Maana kama waliambiwa na bado wakakaa, hapo mambo yanabadilika. Hilo linaweza kukusaidia."

Nilielewa. Neno moja tu. Lingeandikwa kwa kalamu yake ya polepole kwamba mwenyekiti wa wakazi aliambiwa mbele ya mumewe na akakataa. Nekesa angekuja kulisoma siku moja.

"Hapana," nikasema. "Sikumwambia mtu."

Mukonyo aliposikia alikasirika hadi akalia. "Unamlinda mtu asiyeweza hata kukutazama!" Nilimwambia simlindi mtu. Sijui ninachofanya. Najua tu kwamba yule mama amechukuliwa nyumba kwa mkono wangu, na sitamtwika na kifo cha mumewe.

Jumatatu, 2 Juni

Barua ya kufutwa kazi. Fupi. Mvua imekwisha.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi, wingu zito lisilonyesha. Nilikuwa napepeta mchele nilipoona mtu amesimama mlangoni. Peres. Amerudi kutoka mazishini Busia. Amepungua hadi shingo imeonekana, na nguo nyeusi aliyovaa ni ya mtu mwingine.

"Nimesikia ulisema kwa polisi ati hukuniambia."

Sikujua nani amempasha.

"Uliniambia. Mara ya kwanza nikakutukana. Mara ya pili Were alitaka tutoke. Uliondoka, akaniambia usiku wote... akaniambia, tutoke. Mimi ndio nilikataa, Kaluki."

Hajawahi kuniita jina langu.

"Mama Nekesa, ingia ukae."

"Sikai. Nimetoka huko kituoni. Nimeingia nimewaambia: huyu mama aliniambia, ni mimi sikusikia. Sitaki unibebee kitu yangu. Yangu nitabeba mwenyewe."

Ungo ulikuwa bado mikononi mwangu. Niliuweka chini. "Wakasema nini?"

"Wakaandika. Afande alifurahi sana, karibu anipe chai. Akasema sasa maneno imeelewana. Mmoja alichora vibaya, mwingine aliambiwa akakaa. Akatia sahihi, akafunga faili."

"Na Dedan? Na mzee? Na mwenye ukuta?"

"Niliuliza hivyo hivyo." Alijifunika vizuri kwa leso nyeusi kujikinga na ile baridi ya Juni inayopenya mlangoni. "Akaniuliza, hao siku ya mafuriko uliwaona? Nikasema sikuwaona. Akaniambia, basi, mama, hao hawakuwa pale."

Nikamtazama, naye akanitazama. Ni kweli. Siku ile kando ya mto, upande huu na upande ule, tulikuwa sisi tu.